Makosa ya Mwaka Elfu Mbili

Damari binti Kitundu alikuwa na macho yasiyopendwa na mtu. Alizaliwa Kinyangiri, mtoto wa tatu wa kike katika nyumba isiyo na wa kiume, na baba yake, aliyekuwa na ng'ombe wengi na hana wa kuwachunga, alimkabidhi fimbo akiwa na miaka saba. Wasichana wenzake walijifunza kusaga. Yeye alijifunza kutazama. Jioni alisimama kwenye lango la zizi na wala hakuhesabu. Ng'ombe waliingia, na kama mmoja hakuwemo, Damari aliona tundu mahali pake, kama unavyoona pengo katika kinywa cha mtu unayemfahamu.

Macho hayo yalimfaa zizini. Kwa watu yalimponza. Aliona kwamba kanga aliyojifunga mke wa mwinjilisti ndiyo ile iliyopotea kwa jirani yake Felista wakati wa mavuno, akasema, tena nje ya kanisa. Aliona kwamba mzee aliyelia kuliko wote msibani hakuwa na chozi, akasema. Wachumba waliopita kwa baba yake waliondoka kabla uji haujapoa.

Aliyebaki alikuwa Marko. Siku ya kwanza kabisa Damari alimwambia kwamba jembe lake limelika upande mmoja kwa sababu analima huku ameegemea kulia. Marko alilitazama jembe, akajitazama mwenyewe, akacheka mpaka akaketi chini.

"Nimelima miaka kumi," alisema, "na hakuna aliyewahi kunitazama kiasi hicho."

Wakaoana. Marko alikuwa na uso uliolala: kope nzito, mdomo wa chini umelegea, mashavu yameshuka. Hata alipokuwa akikimbia ungedhani ameamshwa sasa hivi. Lakini alifika shambani kabla ya umande kukauka na kutoka mwisho, na matuta yake yalinyooka kama yamepigwa kwa kamba. Alicheka kwa mwili mzima, kichwa nyuma, na alipocheka ule usingizi wote ulimtoka usoni, ukaona mtu mwingine kabisa. Mtu huyo alionekana na Damari peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimchekesha.

Kiangazi cha mwaka hamsini na tano, mtama ukiwa umekwisha kupurwa, lori la serikali lilipanda kutoka Singida likiwa limebeba masanduku, Mzungu mmoja asiyesema na watu, na kijana wa mjini aliyevaa miwani myeusi aitwaye Laurian. Walikuja kupiga sinema. Mwanangwa Mathayo, aliyekuwa mkono wa mtemi pale kijijini, akawakusanya wanaume wote uwanjani. Laurian alipita mbele yao akiwatazama nyuso kama anayechagua mbuzi.

"Tunataka mtu mvivu," alisema.

"Kwangu hakuna wavivu," Mathayo akajibu.

"Si lazima awe mvivu, Mwanangwa. Afanane tu." Akasimama mbele ya Marko. "Huyu hapa. Uso huu umelala wenyewe."

Watu walicheka. Mathayo alicheka kuliko wote, na Damari, aliyekuwa amesimama na wanawake, aliandika kicheko hicho moyoni, mahali pasipofutika kitu.

Hadithi ya sinema ilikuwa hii. Mtu mvivu analala shambani wakati wenzake wanalima. Anaota, na katika ndoto anaamka mwaka elfu mbili, kijijini kwake. Mtu wa chuma analima bila kuchoka. Ng'ombe wanakamuliwa na mipira inayojivuta yenyewe. Mwanamke anaongea na mumewe aliye Dodoma kwa kutumia kijisanduku kidogo kama kopo la ugoro. Wajukuu wa wote wamenawiri, isipokuwa wa mvivu. Anashtuka, anashika jembe. Basi.

Siku tano Marko alikwenda na kurudi jioni akiwa na mambo ya kusimulia. Mtu wa chuma alikuwa Ezekieli, fundi wa mabati, aliyevalishwa madebe yaliyofunguliwa na kugongwa akawa anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Lakini kilichomchekesha Marko kuliko vyote ni habari ya mashamba.

"Walikuja kwetu kwanza," alimwambia Damari. "Yule Mzungu akatazama matuta, akatazama samadi, akatikisa kichwa. Laurian akasema, hapa mvivu hawezi kulala, watu watacheka. Unajua wamenilaza wapi?"

"Wapi?"

"Ng'ambo ya korongo. Kwa Mwanangwa. Majani yamefika kiunoni, hajaingiza jembe miaka minne. Ndilo shamba la mvivu! Na la kwetu limekuwa shamba la mwaka elfu mbili. Kesho naamkia hapo, uje unione."

Alikwenda. Alisimama pembeni, nyuma ya mashine, akamwona mumewe akinyanyuka kutoka ardhini na kujikuna mbavu, akiyashangaa matuta aliyoyapiga mwenyewe kana kwamba hajawahi kuyaona. Ilikuwa jioni, wao wakasema ni alfajiri. Damari alisonya kwa sauti. Marko akageuka, akamwona, akacheka kile kicheko chake, kichwa nyuma. Mzungu akapiga kelele. Wakarudia, lakini jua lilikuwa limekwisha zama.

Mwezi wa pili, mtama ukiwa umefika magotini, Marko alishikwa na kichomi. Siku tisa Damari alikaa naye na jembe likakaa nje. Siku ya kumi alimzika. Magugu hayasubiri matanga; alipoinua kichwa, shamba lilikuwa limekwisha kwenda zake, na mwaka huo yeye na binti yao Hana walivuna vikapu viwili.

Mathayo alikuja mwezi wa sita. Hakuketi.

"Mama Hana, pole tena. Nimekuja kwa habari ya lile shamba. Unajua desturi: shamba lisilolimwa misimu mitatu hurudi kwa mwanangwa, ampe mtu mwenye nguvu."

"Msimu mmoja, Mwanangwa. Nilikuwa nauguza."

"Huu mmoja nimeuona. Na ile miwili ya nyuma?"

"Mwaka jana tulijaza ghala mbili. Uliona."

"Mimi niliona mtu amelala." Alitabasamu. "Na serikali iliona. Walikuja na mashine kutoka mbali kumpiga picha mvivu wa Kinyangiri, wakamchagua nani? Gari la sinema linakuja baada ya wiki mbili, na mzee Antipasi wa baraza la mtemi atakuja nalo. Atatazama picha, asubuhi ataamua."

"Unajua walimlaza wapi."

"Najua? Nani mwingine anajua?"

Ezekieli alijua. Damari alimwendea siku hiyohiyo, akamkuta akiziba sufuria. Ezekieli aliendelea kugonga mpaka Damari alipomaliza maneno yake, kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba ndani ya madebe mtu haoni kitu.

"Ulikuwa na matundu mawili ya macho, Ezekieli. Niliyaona."

"Mama Hana, nina watoto sita na shamba langu nimepewa na mwanangwa. Niache."

"Nakuacha," alisema Damari. "Na hilo sufuria linavuja, upande wa mpini."

Kijiji kilikuwa kimekwisha kuchagua. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Watoto walimwita Hana "Binti Usingizi." Hakuna aliyesahau ghala mbili, waliamua tu kutozikumbuka. Na pengine, Damari aliwaza usiku, pengine walikuwa wanalipiza, kila mmoja kwa kanga yake, kwa chozi lake. Mawazo hayo hayakumlainisha. Yalimkausha.

Gari lilifika. Shuka jeupe likatandazwa kati ya miti miwili uwanjani, mashine ya umeme ikaanza kunguruma, na giza lilipoingia tu Kinyangiri yote ilikuwa imeketi chini. Mzee Antipasi alipewa kiti cha mbele, na Mathayo karibu naye. Laurian alisimama na kitabu na kalamu. Mzungu wake, ambaye safari hii hakuja, alimwagiza aandike kila kitu watakachosema watu.

Damari aliketi na Hana katikati ya uadui wa watu wote, akangoja.

Halafu Marko akatokea. Alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Alijinyoosha, akapiga mwayo, akajilaza kwenye majani. Watu waliangua kicheko, na mtu mmoja nyuma akaita, "Mkaguzi wa magugu!" Hana alificha uso mgongoni mwa mama yake. Damari hakuficha chochote. Alitazama kama alivyokuwa akitazama langoni mwa zizi, na juu ya goti la mumewe, mbali, aliona jiwe.

Kila mtu wa pale analijua jiwe la Mbeleko. Ni mwamba mkubwa ulioinama, na mgongoni umebeba mwamba mdogo, kama mtoto. Ukilitazama kutoka shamba la Marko, mtoto amejificha nyuma ya shingo ya mama, huoni ila kisogo kidogo. Ukivuka korongo hadi kwa Mathayo, mtoto anatokeza mzima, na kati yake na mama unapita mwanga, mwembamba kama uzi. Pale shukani mtoto alikuwa nje, na mwanga ulipita.

Damari alifunga mdomo. Ndilo kosa la kwanza maishani mwake aliloliona na kulinyamazia.

Mengine hakuyanyamazia. Mtu wa chuma alipotokea akilima, alisimama.

"Mtazameni miguu! Mwaka elfu mbili chuma kinavaa viatu vya katambuga? Na kisigino kina magaga! Ezekieli, nenda kapake mafuta!"

Kicheko kilipasuka, na mara hii hakikuwa cha kumcheka Marko.

"Kaa chini, mwanamke," Mathayo alisema.

"Nakaa. Huyo ng'ombe je? Alipoingia alikuwa mwekundu, sasa anakamuliwa ana baka jeupe begani. Na ndama yuko wapi? Ng'ombe gani wa huku anaachia maziwa bila ndama wake? Hiyo ndoo imewekwa maji na unga!"

"Kweli, ndama hayupo," mzee mmoja alisema gizani.

"Huyo mama anatwanga uwele, unatoka unga wa mahindi! Babu wa mwaka elfu mbili ana saa mkononi, ile ya Laurian, kamba imekatika ikafungwa uzi! Mwanamke yule anaongea na Dodoma, kijisanduku amekishika kichwa chini!"

Sasa watu wenyewe walikuwa wanatafuta. Mmoja aliona kivuli cha mashine kwenye nyasi, mwingine akaona kuku yuleyule akipita mara tatu. Laurian aliandika huku jasho likimtoka. Damari akaketi kwa ajili ya lile moja alilokuwa akilingoja: mvivu anaamka.

Marko alinyanyuka katikati ya matuta yaliyonyooka. Kivuli chake kilielekea mawio. Akajikuna mbavu. Akageuka, na nyuma ya bega lake lilikuwepo jiwe la Mbeleko, mtoto amejificha. Kisha kope zile nzito zikafunguka, kichwa kikaenda nyuma, akacheka. Alimcheka yeye. Alimtazama yeye hasa, pale alipoketi, kana kwamba hakuna mtu mwingine kati yao wala udongo juu yake.

Haikuzidi pumzi mbili. Watu walisema "Aa!" kwa mshangao, maana hawakuwahi kuiona ile sura. Damari alishika mkono wa Hana, akaubana mpaka mtoto akalalamika.

Asubuhi baraza lilikaa kwenye kivuli cha ghala ya mwanangwa. Mzee Antipasi alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, na alionekana hakulala vizuri.

"Shikamoo, baba," alisema Damari.

"Marahaba, mama. Wewe ndiye wa jana?"

"Ndiye mimi."

"Hm," alisema mzee, na haikujulikana kama alikasirika.

Mathayo alisema kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kushinda. Marko ameonekana na watu wote. Shamba la magugu limeonekana na watu wote. Mwaka huu magugu tena. Desturi ni desturi.

"Una la kusema?" Antipasi alimuuliza Damari.

"Nataka picha iletwe."

Laurian alicheka. "Mama, sinema haionekani mchana. Na ile ni mali ya serikali."

"Jana mchana nilikuona ukiinua utepe juani na kuukagua, mara nyingi. Ndani yake kuna vijipicha. Au mimi ndiye nimekosea kuona?"

Antipasi alimgeukia Laurian. "Lete."

Utepe uliletwa ndani ya kopo lake. Laurian aliuvuta kwa ncha za vidole, akiwa amenuna, mpaka mahali ambapo mvivu analala, akauinua kuelekea jua. Mzee alivua miwani, akaivaa, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kuugusa.

"Naona mtu. Mdogo kama siafu."

"Juu ya goti lake, baba."

"Mbeleko."

"Mtoto yuko nje au ndani?"

"Yuko nje." Antipasi alizaliwa maili tatu kutoka pale, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Polepole aligeuza kichwa akamtazama Mathayo. "Mwanga unapita kabisa."

"Ni mchezo tu wa picha!" Mathayo alisema haraka. "Mzee wangu, jana umesikia mwenyewe: ng'ombe wanabadilika, vivuli vinageuka. Vitu vya uongo hivyo. Vya kuchekesha watu."

"Vya uongo?" alisema Damari.

"Vya uongo vyote!"

"Basi na uvivu wa Marko ni wa uongo. Chagua, Mwanangwa. Picha ikiwa kweli, magugu yale ni yako, ya miaka minne. Ikiwa uongo, huna shahidi. Chagua moja, ninakungoja."

Damari alimtazama bila kupepesa, kama mtu anayetazama ng'ombe wa wizi akiingizwa zizini mchana.

"Sijamaliza," aliendelea. "Baba, mwambie avute mpaka pale anapoamka. Pale anapocheka."

Laurian alivuta. Mzee akatazama tena. "Mtoto yuko ndani," alisema. "Hapa ni kwa Marko. Na matuta haya..." Akaivua miwani. "Hili ndilo shamba la mwaka elfu mbili?"

"Serikali ilipotafuta shamba la miaka arobaini na mitano ijayo," alisema Damari, "ilifika pale ikasema hili. Ilipotafuta la mvivu, ilivuka korongo. Jiwe limeona. Jiwe halipewi shamba na mwanangwa, ndiyo maana limesema."

Wakati huo Ezekieli, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, alikohoa. "Ni kweli," alisema. "Tulikuwa kule. Matundu ya macho yalikuwepo." Damari hakumgeukia.

Hukumu ilichukua muda mfupi kuliko salamu. Shamba la Marko ni la mjane wake na binti yake. Shamba la Mathayo lilimwe kabla ya mvua ya kwanza, la sivyo mtemi atampa mtu mwenye nguvu. Watu waliokuwa wakinyamaza kisimani walimjia Damari kwa mikono miwili. Aliwasalimu mmojammoja, kwa majina, na kila mmoja alielewa kwamba hajasahau.

Laurian alikuwa akikunja shuka Damari alipopita. Alimwita kwa heshima ambayo hakuwa nayo jana.

"Mama, nimeandika makosa kumi na tisa. Bwana atafurahi. Hilo la jiwe ndilo baya kuliko yote, jiwe linageukaje? Tutayakata."

Damari alikuwa bado na moto wa baraza kifuani. "Kateni," alisema. "Kateni yote."

Alilima msimu huo na Hana, matuta yamenyooka. Mathayo hakumsalimia tena na yeye hakumsalimia Mathayo, hata walipokutana kwenye njia nyembamba ya korongo ambapo lazima mmoja ampishe mwenzake. Damari hakupisha.

Kiangazi kilichofuata gari lilirudi na sinema ileile. Damari alikuwa wa kwanza uwanjani. Alijifunga kanga mpya, akaketi mbele kabisa, mahali pa watoto, na Hana alipomuuliza kwa nini, alisema macho yake yameanza kuchoka.

Mtu wa chuma alionekana kuanzia magotini kwenda juu. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, ingawa bado hakuwa na ndama. Mvivu alilala kwenye majani na nyuma yake palikuwa anga tupu. Watu walitazama kimya. Hapakuwa na la kuchekesha. Kisha Marko akanyanyuka kati ya matuta. Akajikuna mbavu. Akaanza kugeuka.

Mara akawa amesimama, jembe mkononi, anatembea kwenda kazini.

Hapakuwa na mwanya wowote. Sinema ilikwenda mbele laini kama maji, na hakuna mtu uwanjani aliyeona kwamba kuna kitu hakikupita. Damari aliona tundu mahali pa kicheko.

Alimfuata Laurian kwenye gari kabla mashine haijanyamaza.

"Vile vipande mlivyokata mnaviweka wapi?"

"Vinachomwa, mama. Vinashika moto upesi sana, ni hatari kuviweka." Alitabasamu, akingoja sifa. "Umeonaje sasa?"

Damari alimtazama mpaka tabasamu likaisha, akageuka. Hana alikuwa akimngoja pembeni ya shuka, mrefu sasa, kope zake nzito kama za baba yake.

"Mama, leo hukusema chochote. Hakuna kosa hata moja?"

"Lipo," alisema Damari.

"Lipi?"

Mama yake alikuwa amekwisha shika njia ya nyumbani.